Presha Ipi?

Nakumbuka siku ile mama aliporudi kutoka zahanati akatamka neno moja tu, "presha", na nyumba yetu ya Kibamba ikajaa madaktari. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mie mwenyewe ndiyo kwanza nimemaliza chuo. Uzee mwingine huletwa na mambo.

Mama alikuwa ameharisha tangu juzi yake, hali kitu. Asubuhi hiyo aliinuka ghafla kwenye kigoda chake cha kuchomea maandazi, macho yakaingia giza, akaanguka. Jirani yetu, Mama Neema, alimfikisha zahanati akamsubiri nje. Waliporudi, jirani huyo huyo akamwaga uji niliompikia mama kwa sababu eti una chumvi. Akachemsha kitunguu saumu. Akakimbia kwake, akarudi na kidonge cha mumewe.

"Baba Neema akimeza hiki, presha inashuka hapo hapo," alisema kwa fahari.

Mie nilikuwa kwenye simu, nikisoma kila ugonjwa wenye neno presha. Nilishamzika mama kichwani na kuanza kuwaza nani atasoma wasifu. Kumuuliza yeye mwenyewe, wapi!

Kidonge kilikuwa tayari kiganjani mwa mama pale shangazi, dada yake baba, alipoingia kutoka Boko, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, shangazi. Mama ana presha."

"Marahaba. Presha ipi?"

Nikainamia simu kutafuta jibu.

"Nauliza, ya kupanda au ya kushuka?"

"Jamani, wifi yako yuko hoi," Mama Neema akamjibu. "Mgonjwa haulizwi uji!"

"Haulizwi uji! Hiki ni uji?" Shangazi akakipokonya kidonge. "Wifi, walikwambiaje?"

Mama akajibu bila kufumbua macho. "Imeshuka. Wamesema maji yameniishia mwilini, nije ninywe kwa wingi."

"Sasa mbona umekaa kimya?"

"Niseme saa ngapi? Kila nikifungua mdomo natiwa kitunguu saumu."

Shangazi alitugeukia, na Mungu anisamehe, sijawahi kuona mtu akikosa matusi ya kutosha. "Mnataka kushusha kilichokwisha kushuka? Mkifikishe wapi, kaburini?" Akaagiza bajaji, mama akarudishwa zahanati, akawekewa dripu. Jioni alidai uji wake, wenye chumvi.

Basi sikiliza, mwanangu, maana hili bado linanichosha. Huku kwetu mtu akisema presha, kila mmoja anasikia ya kupanda. Ipo pia ya kushuka, na haiji bure. Huletwa na kuharisha na kutapika, na kushinda juani bila maji wala chakula. Huletwa na damu nyingi kupotea, na mimba, na homa kali, na moyo wenye hitilafu. Hata dawa za presha ya kupanda zikizidi, au zikimezwa na asiyeandikiwa, huishusha. Wengine huanguka kwa kuinuka haraka tu. Kaa kwanza kitandani, kisha simama. Akizimia mtu, au akichanganyikiwa, mlaze, umwahishe hospitali. Na chumvi usiizidishe wala usiikate kwa kubahatisha; waulize waliompima.

Kuuliza si ujinga. Mgonjwa haulizwi uji, sawa, lakini kidonge anaulizwa.

Mola akupe damu inayokwenda kwa mwendo wake, na akujalie majirani wenye huruma kama Mama Neema na ulimi wa kuuliza kama wa shangazi. Amina.