Kufuli Lenye Picha Yangu

Binti yangu amerudia darasa la tatu. Herufi zinamchezea, akili haitulii, na mwalimu anasema kichwa chake kinatembea. Amenirithi mimi. Kila akilia nilikuwa nikimwambia: tuna kichwa kimoja mimi na wewe, na nitazame, nina kazi kiwandani. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu wote.

Kwenye kiwanda cha kusaga mawe ya shaba, fundi haingii ndani ya mashine bila kuifunga. Unazima umeme, unatia kufuli lako lenye picha yako, ufunguo unautia mfukoni. Kufuli la mtu haliguswi na mwingine, hata mkubwa wa kiwanda, kwa sababu mwenye picha yumo ndani. Ni sheria nzuri.

Sikuwahi kusahau kulitia. Nilisahau kulitoa. Asubuhi ile, zamu ya usiku ikikaribia kuisha, tulimaliza kutengeneza mkanda unaobeba mawe, nikatoka kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, njiani nikasikia pampu ikilia vibaya, nikaenda kuitazama, kisha basi la kuturudisha mjini likapiga honi. Nikapanda. Simu niliiacha ndani ya sanduku la vifaa. Waliponipata nilikuwa sokoni Manika nikichagua dagaa wa ndakala, na ufunguo mfukoni. Kumbe wenzangu walikuwa wanapekua mashine wakiniita, wakidhani nimesagwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Daktari mmoja wa Lubumbashi aliwahi kunieleza kwamba akili yangu ni nyumba isiyo na mlango, kila kipitacho kinaingia. Akaipa hali hiyo jina la Kifaransa. Nilifurahi kama mjinga, nikadhani kitu kikishapata jina kitatii. Akanishauri niandike vikumbusho. Mimi, ambaye herufi zinanikimbia tangu utoto!

Mkubwa wangu wa zamu hakunifokea. Alikuwa amenikingia kifua mara nyingi, na alisema wazi kwamba hakuna anayeunga mkanda kama mimi.

“Papa, mi nakupenda,” akasema. “Lakini leo benzako balikulilia sawa mufu. Siwezi tena.”

Laiti angenitukana. Ningepata wa kumchukia. Nilirudi nyumbani Dilala kwa pikipiki ya taxi-moto nikiwa na hasira isiyo na mwenyewe. Mlevi anaambiwa aache pombe. Mimi niache nini?

Mke wangu alikuwa ameshasikia. Alitenga bukari, ugali wetu, na ndakala, nasi tukakaa kula. Nilimweleza binti yangu kwamba nimefukuzwa kazi, maana nilisahau kutoa kufuli. Hakulia. Kwa mara ya kwanza nikaona ametulia kabisa.

“Papa, si unasemaka tuko na kichwa moja?” akauliza. “Njo kusema na mi batanifukuza ku masomo?”

Nilimwambia ale, bukari inapoa.