Nilikwenda Kisarawe kumwombea mwanangu rubani zamu isiyo yake

Wakuu, amani iwe kwenu. Wa umri wangu nawasalimu. Wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi, nina darasa la nne la zamani, nakaa Kibaha upande wa Tumbi. Humu huwa nasoma tu, sichangii. Leo naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo anayetafuta makosa ya herufi atayapata na atashiba. Uongo hatauona.

Nimesoma nyuzi zenu nyingi za kutafuta kazi. Kila mmoja analia koneksheni, koneksheni, bila mtu wa kukusemea hupati kitu.

Sasa mimi nilikuwa huyo mtu wa kusema. Mimi ndiye nilikuwa koneksheni. Kaeni niwaambie nilichofanya.

Mwanangu wa mwisho, Shabani, ni rubani.

Alirusha vindege vidogo miaka mingi, vile vya kupeleka watalii mbugani. Alipokuja kuajiriwa na kampuni kubwa zaidi, kichwani mvi zimeshaanza na nyumbani ana watoto watatu. Huko akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamuuliza, "Na kule kote ulikoruka kumekwenda wapi?"

"Kupo mama, lakini hakuhesabiwi kwenye foleni. Siku unayoajiriwa unapewa namba. Aliyekutangulia yuko mbele yako, atakayekuja yuko nyuma yako. Hivyo hivyo mpaka kustaafu."

Wao wanaita seniority. Namba hiyo ndiyo inaamua nani achague safari, nani apate likizo ya Idd, nani awe kapteni kwanza. Kampuni ikiyumba, wa mkiani ndio wanarudishwa nyumbani. Mambo yakitengemaa wanaitwa tena kwa kufuata namba zile zile. Huko kuitwa wanasema recall.

Mimi nililielewa kwa ndoo. Tuliopanga ndoo bombani tunajua. Ndoo yako ikishakaa kwenye mstari, hata mke wa mwenyekiti akija asimame nyuma yake.

Nikamcheka. "Kwa hiyo na mvi zako unaweza kutanguliwa na katoto?"

"Nimeshatanguliwa, mama. Na katoto kenyewe unakajua."

Katoto kenyewe ni Zuhura, binti wa Mwanaidi wa Kisarawe. Aliajiriwa kabla kidogo ya Shabani, namba yake iko mbele ya ya mwanangu, hakuna mtu katikati. Binti mdogo, hajaolewa, mpole. Nyumbani anamwita "Kaka Shabani". Kazini Shabani anamtania, "Shikamoo mkubwa", na binti anaona aibu anafunika uso.

Hapa nisimame kidogo, maana vijana wa sasa hamjui.

Mimi ni Mzaramo, nimezaliwa Kisarawe. Mwanaidi, mama yake Zuhura, alipovunja ungo mimi ndiye niliyekuwa kungwi wake. Kungwi ndiye anayemfunda mwali akiwa ndani, na mwali humwita somo yake. Tuliyofundishana hayaandikwi humu na msiulize. Lakini jueni hili moja: mwali hamkatalii kungwi wake neno. Hata azeeke, hata awe na wajukuu. Akimwona anapiga goti.

Basi. Kampuni yao ikayumba. Ndege zikaharibika injini, zikapelekwa nje kutengenezwa, zikakaa huko huko. Wa mkiani wakaambiwa nendeni nyumbani mkasubiri. Zuhura akarudi Kisarawe kwa mama yake, Shabani akarudi kwangu na mke na watoto, maana kodi ya Dar haingojei mtu.

Wakuu, mimi nilikuwa mtu wa kujivuna. Nasema kweli.

Kabla ya hapo, ndege ikipita juu ya Kibaha nilikuwa naacha ungo wa mchele, natazama juu, nasema kwa sauti, "Mwanangu huyo." Hata kama najua siku hiyo yuko kitandani kalala. Mtaa mzima ulikuwa unajua.

Sasa mwanangu yuko nyumbani, anatumwa Maili Moja kununua nyanya. Vijana wa bodaboda wanampigia kelele, "Kapteni! Leo ndege ipo gereji?" Yeye anacheka nao. Baadaye akapata kibarua Zegereni, kwenye kiwanda cha mabati, kusimamia upakiaji. Anarudi mikono imekwaruzwa. Mkewe ni muuguzi, ndiye aliyekuwa analisha nyumba.

Ikipita ndege, jirani yangu Mama Neema anauliza kwa upole ule wa kuchoma, "Bibi, na huyo ni nani sasa?"

Nilikuwa naumia. Lakini naomba muelewe, mwenye kazi yake alikuwa haumii hivyo. Shabani alikuwa anasubiri zamu yake kama mtu anayeiamini. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Siku moja akaingia mbio jikoni, vumbi la mabati ya Zegereni hata hajanawa.

"Mama! Zuhura kaitwa! Ndege moja imerudi. Wanamchukua yeye, halafu mimi ndiye ninayefuata."

Furaha aliyokuwa nayo, ungedhani kaitwa yeye.

Mimi nikamuuliza swali moja. "Akikataa?"

"Akikataa anaitwa anayefuata. Lakini mama, hawezi kukataa, kwa sababu sisi wapya..."

Nikainuka kwenda kuangalia sufuria. Nilichokuwa nakitaka nimeshakisikia. Kilichobaki sikukitaka.

Kesho yake nikamwambia mkwe wangu nakwenda kumwona mgonjwa. Nikanunua doti ya kanga na sukari, maana mtu haendi kuomba mikono mitupu. Nikaenda Kisarawe.

Mwanaidi aliponiona alidondosha muhogo aliokuwa anamenya, akapiga goti. "Somo yangu! Mbona hukusema unakuja, tungechinja."

Nikamwambia, "Sikuja kula. Nimekuja kama kungwi wako."

Alielewa kuwa hili si la kucheza. Nikaweka kanga na sukari mbele yake, nikamwambia amwite binti.

Zuhura akaja na nguo ya safari, alikuwa anajiandaa kwenda Dar kujibu. Uso unang'aa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa. Nimesikia umeitwa kazini, hongera. Sasa sikiliza. Mwenzio Shabani ana watoto watatu, wewe huna hata mume wa kukuuliza ulikokuwa. Yeye ni mkubwa kwako. Mpishe. Zamu yako itakuja, wewe bado mbichi."

Binti akafungua mdomo. "Bibi, kule kwetu haiwi hivyo, ukikataa unaku..."

"Zuhura!" Mama yake hakupandisha sauti hata. "Unamjibu nani?"

Akaufunga.

Akatazama zile kanga, akamtazama mama yake aliyekuwa bado ameinamisha kichwa mbele yangu. Halafu akaniuliza neno moja.

"Kaka Shabani anajua?"

Wakuu, hapo ndipo ningeweza kurudi. Mlango ulikuwa wazi.

Nikasema, "Shabani ni mwanangu. La kwake nalijua mimi."

"Sawa bibi."

Akaenda kunipikia chai. Ilikuwa chai nzuri, na tangawizi. Nikainywa yote.

Shabani akaitwa. Nikapika pilau, nikawaita majirani, Mama Neema nikamwekea nyama nyingi makusudi. Shabani anakula huku anashika simu. "Zuhura kakataa. Hapokei simu yangu. Labda kapata kampuni ya nje?"

"Labda," nikasema, nikamwongezea wali.

Akaenda kusomeshwa upya kwenye mashine zao, akarudi, akavaa sare. Ndege ikipita nikaanza tena kutazama juu.

Siku moja ya mapumziko akaamua kwenda Kisarawe mwenyewe kumsalimu mwenzake. Sikumzuia. Ningemzuia kwa neno gani?

Alirudi mapema kuliko nilivyotegemea. Alisimama mlangoni, viatu miguuni. Mwanangu haingii kwangu na viatu tangu anajua kutembea.

"Mama, ulikwenda kwa Mama Zuhura?"

"Nilikwenda."

"Ukasema nimekutuma?"

"Sikusema umenituma."

"Ukasema sijakutuma?"

Nikatazama viatu vyake.

Akaniambia lile neno nililolikimbia jikoni. Rubani wa zamani akipitisha zamu yake ya kuitwa, ndoo yake inabaki ilipo. Lakini mpya, aliye bado kwenye probation, yaani muda wa majaribio, akikataa anafutwa. Si kwamba anasogea nyuma. Anafutwa. Ndoo inatupwa barabarani.

"Zuhura si mfanyakazi wetu tena, mama. Akitaka kurudi aombe upya, kama mtu ambaye hajawahi kufika."

Nikasema, kwa ujinga wangu, "Basi mrudishie. Nenda kwa wakubwa useme nafasi ni yake."

"Nimeshapiga simu nikiwa njiani. Namba si mbuzi, mama, haibadilishwi kwa mtu. Hata nikiacha kazi leo, atakayesogea ni aliye nyuma yangu. Si Zuhura. Hakuna namna."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Umenivalisha nguo ya mtu. Na kuivua siruhusiwi."

Angenifokea ningekuwa nimepona. Hakunifokea. Aliingia ndani akawasaidia watoto kazi za shule, na mimi nikatoka nikakaa nje na ungo wangu, sina hata mchele wa kuchagua.

Nilirudi Kisarawe. Safari hii sikubeba kitu, nimbebee nini?

Mwanaidi alipiga goti kama kawaida. Na mimi nikapiga.

Wazaramo wenzangu humu mnajua maana yake. Kungwi hampigii goti mwali wake. Sijawahi kuona, mama yangu hajawahi kuona. Mwanaidi alipiga ukelele kama kuna msiba. "Somo, inuka! Inuka, utaniletea laana!"

"Laana nimeshaileta. Mwite binti."

Zuhura alikuwa nyuma ya nyumba akisomesha watoto wa jirani hesabu, kwa ada ya kuungaunga. Akaja, akaniamkia. Shikamoo ile ile, haikupungua kitu. Ningependa ingepungua.

Nikamwambia, "Sikujua kama utafutwa."

Akasema, "Bibi, nilitaka kukwambia."

Ndiyo hivyo. Alitaka. Na Shabani alitaka. Watu wawili walikuwa na ukweli mdomoni na wote niliwafunga, mmoja kwa kuinuka, mwingine kwa ukubwa wangu.

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali, hali anajua kitakachompata. Alitazama chini.

"Sikukubali kwa ajili yako, bibi, wala kwa ajili ya Kaka Shabani. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Ningekataa, aibu ingekuwa yake."

Wakati naondoka Mwanaidi alinifuata njiani na kile kifurushi. Doti ya kanga, bado imekunjwa vile vile ilivyotoka dukani, haijakatwa, haijapindwa.

"Nimejaribu, somo. Mkasi nimeushika mara nyingi. Siwezi kuikata."

Nikaipokea. Ipo sandukuni. Hata mimi siwezi.

Sasa mtauliza binti yuko wapi.

Ndege nyingine ziliporudi kampuni ilitangaza kazi, akaomba upya, akafanya mitihani upya, akachukuliwa. Namshukuru Mungu. Lakini kaanza mkiani. Vijana walioingia nyuma yake, aliokuwa akiwaonyesha choo kilipo, leo wako mbele yake. Na mbele ya hao yuko mwanangu. Mwaka wowote atakaotaka kupanda, atamkuta Shabani mlangoni ametangulia. Mpaka wastaafu.

Mkwe wangu anasema siku hizi Shabani hamtanii tena ile shikamoo ya kazini.

Kwangu anakuja, hela ya matumizi analeta, hajanivunjia adabu hata siku moja. Ila habari za kazi haniambii. Nikiuliza anasema, "Nzuri mama." Basi.

Juzi tulikuwa nje na Mama Neema, ndege ikapita chini chini kuelekea Dar. Yeye kasahau mambo yote, kwa wema kabisa akanigusa bega. "Bibi, mwanao huyo!"

Nikaendelea kuchagua mchele. Ningejuaje ndani yuko nani, na kakaa kiti cha nani.

Nilichojifunza ni kidogo na nimejifunza nimezeeka. Ukubwa ni kitu cha kumfundishia mtu, si cha kumnyamazishia. Mwali wangu nilimfunda asiguse cha mwenzie, halafu nikaenda kwake kuomba cha mtoto wake, na nikatumia heshima ile ile niliyompa.

Na ninyi mnaotafuta koneksheni, siwakatazi. Njaa naijua. Ila mtu akikwambia "nimekusemea, nenda Jumatatu", kabla hujapika pilau muulize, aliyekuwa mbele yangu ni nani, na sasa yuko wapi?

Kama yupo humu aliyewahi kupishiwa hivyo, au aliyewahi kupisha kwa sababu mkubwa kasema, aandike hapo chini. Hasa aliyepisha. Zuhura hanisemi hata kwa mama yake, na mimi nahitaji kusikia kutoka kwa mtu.

Mkitaka kunitukana pia tukaneni. Nasoma zote, polepole, na miwani ninayo.