Perpetua na Ngazi za Chuo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, rafiki yangu Perpetua alikaa kwenye ngazi za chuo akivuja jasho, akaniambia, "Mimi narudi kwetu Matai. Chuo hiki wamewajengea wembamba."

Nakusimulia haya kwa sababu baba yako kaniambia unataka kuahirisha chuo mwaka mzima, eti mpaka upungue unene. Makubwa! Hebu kaa hapa umsikilize shangazi yako.

Perpetua tulilala naye chumba kimoja. Alikuwa mnene hasa, na kwao walimsifia: kanawiri huyo. Lakini sisi tumezoea baridi ya huku Ufipa, na chuo kilikuwa pwani kwenye joto. Darasa liko ghorofa ya juu kabisa, na mhadhiri akishaingia anafunga mlango. Perpetua akikimbilia, moyo unamwenda mbio, magoti yanamuuma, anafika kumeshafungwa. Wenzetu wanacheka. Akaamua kuacha kula ili apungue upesi, na wiki haikuisha akaanguka bafuni. Niliogopa jamani!

Muuguzi wa chuo, mama mmoja mkali, akamgombeza: "Wewe binti, kwenu mtu akitaka kulima ulezi anaanza kwa kushinda njaa? Kula chakula cha kawaida, tembea kila siku, mwili utazoea."

Basi Perpetua huyo, acha tu! Akawa anatoka bwenini kabla yetu. Anapanda kidogo, anasimama, anavuta pumzi, anasalimiana na wapitaji kama yuko sokoni, anapanda tena. Soda na chipsi aliacha, ila ugali na maharage alikula bila kumwonea mtu haya. Kijana mmoja akamtania, "Dada, umechoka?" Akamjibu, "Sijachoka, nakungoja wewe." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mimi nilikuwa mwembamba kama fito, nashindia chai na andazi. Siku moja nikashikwa na kizunguzungu katikati ya ngazi, na aliyenishika mkono mpaka darasani ni yeye. Nilimheshimu sana binti yule, na mpaka leo namheshimu.

Utaniuliza, alipungua? Kidogo tu. Alihitimu angali mnene, anapanda ngazi zile huku anapiga soga, na hakufungiwa mlango tena. Leo anafundisha sekondari, na wanafunzi wake wanampenda ajabu.

Kwa hiyo usiahirishe, mwanangu. Mwili unazoea chuo ukiwa chuoni, hauzoei ukijifungia chumbani hapa mtaani kwetu Majengo. Nenda na huo huo ulio nao. Kula vizuri, tembea, lala usingizi wa kutosha, na ukisikia moyo unakwenda vibaya nenda hospitali, usione aibu. Anayecheka mwache acheke, mtihani hatakufanyia.

Mungu akutangulie huko uendako. Akupe pumzi ya kupanda na miguu ya kushuka, akili yako aifungue, na siku utakayorudi tukupokee kwa vigelegele. Uje mnene, uje mwembamba, wewe ni wetu.