Memori Sijaigusa

Juzi mwanangu aliiharakisha prosesa kupita kasi yake ya kiwandani, kompyuta ikazima na kazi yangu ndani. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Msambweni.

Kaka Omari naye alikuwa ameiharakisha yake, ikawa inazima kila alipofungua kadi za harusi ya shangazi. Chumba kilinuka vumbi lililoungua. Mimi nilidhani ni joto tu, nikaipepea kwa kipepeo cha jikoni mpaka majivu yakamwingia Omari machoni.

"Memori sijaigusa," alirudia kusema. "Nimegusa prosesa tu."

Uani, mama na shangazi walikuwa wakitwanga mpunga kwa kupokezana katika kinu kimoja. Shangazi alikazana, michi ikagongana.

"Wewe wenda mbio, na mimi je?" mama alifoka.

"Kwani nimekugusa?"

Leo najua kwamba pigo lile lile la saa ya ndani ya kompyuta alilolikaza Omari ndilo lililoiendesha memori pia, kwa uwiano wake uliowekwa kwenye mipangilio. Memori iliburutwa hadi ikashindwa. Angeupunguza uwiano huo, kadi zingechapwa.

Nilimweleza mwanangu yote haya polepole, pamoja na habari za kinu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimeelewa, baba," alisema. "Lakini memori mimi sijaigusa."