Miguu Miwili ya Kushoto

Mudathir wa Tongoni aliipenda pikipiki yake kuliko alivyowapenda watu wengi. Mkewe, Asmahani, alilijua hilo na akalizoea. Asubuhi Mudathir aliiosha kabla hajanawa uso. Abiria wa kwenda Tanga mjini walimchagua yeye kwa usafi huo, naye kichwa kikavimba.

Siku moja mwenzake wa kijiweni alilala na pikipiki yake kwenye lami. Mguu ukabaki chini ya injini, nyama ikachunika mpaka mfupa ukaonekana. Mudathir alikwenda kumjulia hali, akarudi amenywea. "Mguu ndio kazi," alimwambia Asmahani. Hapo hakukosea. Kosa lake ni kwamba alikuwa akiuwaza mguu wake tu.

Maana Asmahani naye alikuwa na miguu, na kazi pia. Alilima mwani. Siku za bamvua, bahari inapopwa mbali kabisa, aliteremka pwani na wenzake, akasimama ndani ya maji ya magoti akifunga mbegu kwenye kamba, na kule hakuna kukaa. Mwani ule ndio uliomnunulia cherehani, na ndio uliompa ubavu wa kumwambia mumewe hapana kila alipotaka. Mudathir aliusifu mwani kwa wageni, lakini ile hapana hakuipenda.

Wakaenda pamoja Usagara, dukani kwa Edgar, fundi na muuza vipuri. Edgar alimwekea mezani bampa la bomba, zito, la kutanda mbele ya miguu. Pembeni akaweka vitelezi: virungu viwili vya plastiki ngumu vyenye chuma ndani, vya kufungwa ubavuni mwa injini. Pikipiki ikilala, hivyo ndivyo vinavyogusa barabara na kuteleza, injini na mguu wa dereva vikasalimika. Mudathir akavigonga, akavipima mkononi, akauliza kama vipo vyekundu. Akaenda nje kuvitazama juani, akarudi, akaenda tena. Hata mke hakumchagua kwa makini namna ile.

"Sawa," Edgar akasema, "hivi vitakufaa wewe. Shemeji hukaaje?"

"Upande. Kwani mwanamke wa watu akaeje?"

"Basi kile chuma cha nyuma usikiguse, kaka."

Pikipiki ilikuja na uzio wa chuma upande wa kushoto, nyuma, pamoja na kibao cha kukanyagia miguu miwili ya anayekaa upande. Vijana wa kijiweni walikiita kitanda cha bibi, wakamcheka nacho kila siku. Sasa Mudathir amepata vitelezi vyekundu, atakubali vipi kutembea na kitanda cha bibi?

"Kifungue," alisema. "Kinaharibu sura."

Asmahani alikuwa amekaa kwenye benchi. Akasema kwa upole, "Baba Tausi, kama chatoka, basi mie n'kae kama wanaume. Nimeshajishonea suruali ya kuvaa ndani ya baibui."

"Mke wangu apanue miguu barabarani, Tongoni nzima ikitazama? Bora ubaki nyumbani."

Edgar akakohoa, akachukua spana. Fundi hulipwa kufunga na kufungua, halipwi kuamua mambo ya mke na mume. Asmahani naye alinyamaza, kwa sababu mbele ya watu mke mwenye adabu hunyamaza, na adabu hiyo imeshawaponza wengi.

Bamvua lililofuata, maji yalikuwa yameshaanza kupwa na Asmahani amechelewa. Mudathir akampakia, miguu yote miwili inaning'inia kushoto, haina pa kukanyaga. Kwenye kona ya kuelekea pwani kulikuwa na mchanga uliomwagika juu ya lami, na kulikuwa na vijana wameketi wakitazama. Palipohitaji kupunguza mwendo, Mudathir akaongeza.

Pikipiki ililala kushoto. Vitelezi viliteleza barabara kabisa, ndiyo kazi yake. Viliiburuza mpaka ukingoni, na nyuma yake miguu ya Asmahani ikiburuzwa chini ya pikipiki. Mudathir aliinuka, akajipangusa suruali. Akaitazama injini kwanza. Asmahani alimwona akiitazama.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa Mudathir methali ilikosea mlango: asiyesikia alikuwa yeye, lililovunjika likawa la mwenziwe. Mguu wa kulia ulipona. Kifundo cha kushoto kilikaza kama kuni, wala hakikukunjika tena. Mwani hautaki mguu wa kuni. Wenzake walimwekea kamba zake kwa muda, wakimpalilia kwa zamu, halafu kimyakimya zikapata mtu mwingine. Hakuwalaumu. Bahari haimngoji mtu.

Na kijiweni, unadhani walisema nini? Walivisifu vitelezi. "Injini haina hata mkwaruzo!" Wengine walifunga safari Usagara kuvifuata, na vitanda vyao vya bibi wakavifungua hukohuko.

Mudathir hakuomba radhi. Alinunua vitelezi vipya mahali pa vile vilivyochubuka, akamletea mkewe mkongojo wa mti mzuri, akaona amemaliza. Lakini kila alipoiwasha pikipiki uani, Asmahani aliinuka kwa shida akaingia ndani, hata kama ameacha chungu motoni. Mwishowe Mudathir akachoka kuuona mgongo ule. Akatangaza anauza.

Akaja Masoud, mchuuzi wa samaki kutoka Moa, mtu makini. Akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya injini. Asmahani alikuwa amekaa mkekani mlangoni, mguu ameunyoosha, anachambua mchele. Safari hii hakuingia ndani.

"Niambie kweli, ndugu yangu," Masoud akasema. "Chombo hiki kimewahi kuanguka?"

"Wallahi, hakijawahi," Mudathir akasema, bila kugeuka nyuma.

Mikono ya Asmahani ikasimama juu ya ungo.

"Mwamini tu, kaka," alisema. "Nilianguka mimi."

Masoud akautazama ule mguu, kisha akamtazama Mudathir, akangoja. Mudathir akainama, akaanza kufuta vitelezi kwa kitambaa.