Bi Pindo na Gauni la Mkwe Wake

Walimwita Bi Pindo kwa sababu hakuwahi kuruhusu nguo itoke mikononi mwake ikiwa na uzi unaoning'inia. Hata mtu aliyekuja kusubiri suruali ya mumewe angeshtukia fundi ameinama miguuni pake, pini mdomoni, anampandishia pindo lililofumuka tangu mwaka juzi. "Tulia," angesema. "Hii ni ya bure. Macho yangu yananiuma nikiitazama."

Chumba cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Cherehani yake ilikaa dirishani, penye mwanga. Ya mkwe wake ilikaa nyuma, karibu na meza ya pasi. Mkwe huyo, mke wa mwanawe fundi umeme, alianza kujifunza kushona mwaka ule ule alioolewa, na walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja akinyoosha mkono bila kutazama, mwenzake anamtilia mkasi kiganjani.

Msimu ule walikuwa wakishona magauni ya kwaya ya akina mama. Kitambaa cha zambarau kilitapakaa kila mahali, kwenye viti, juu ya cherehani, hata kwenye sukari. Wanakwaya walikuja mmoja mmoja kupimwa, na kila aliyekuja alikuja na mdomo wake. Habari motomoto ilikuwa ya msusi mmoja, mwimbaji mwenzao, aliyesemekana kutoa mimba. Kwaya ilikuwa imemwambia apumzike kwanza. Basi ikawa hakuna anayevaa wala kuvua bila kusema lake.

"Mimi simtetei," alisema dada mmoja muuza viatu, mdogo kuliko wote, mikono juu, futi ikiwa kifuani. "Nauliza tu. Mwili ni wake, maisha ni yake. Nani kati yetu angemlelea huyo mtoto?"

"Mimi ningemlelea!" akasema mwenyekiti wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi.

"Wewe mwenyekiti?" akadakia muuza viatu. "Paka wako mwenyewe anakula kwangu."

Wakaangua kicheko. Bi Pindo hakucheka. Alitoa pini mdomoni, na Bi Pindo akitoa pini mdomoni watu walijua maneno yanakuja.

"Niwaambie kitu. Nilipopata mimba ya mwanangu huyu, baba yake alikuwa ameshaondoka na masufuria. Masufuria, jamani! Hata mfuniko hakuniachia. Dada zangu wakanikalisha chini, wakaniambia nenda kwa mama fulani, anajua, utarudi mwepesi. Nikakataa. Leo ndiye anayewawashia taa majumbani kwenu. Ningewasikiliza, huyu hapa nyuma angeolewa na nani?"

Akaelekeza kidevu kwa mkwe wake. Mkwe alikuwa anapiga pasi. Hakuinua uso.

Sasa, watu wote walipimwa kwa futi isipokuwa mkwe, naye pia mwanakwaya. Mtu wa nyumbani, Bi Pindo alimkatia nguo kwa mazoea. Walipopishana kwenye ule upenyo mwembamba kati ya meza na cherehani, alimshika kiunoni ili asimsukume, kama alivyofanya kila siku, na mikono yake ikaona jambo ambalo macho hayakuwa yameliona. Kiuno kilikuwa kimeanza kupoteza mkunjo wake. Alikwenda kukata kitambaa huku akiimba chinichini. Akaacha ziada pande zote mbili za kiuno, akakunja marinda ndani, chini ya kifua, ambayo yangeweza kufumuliwa taratibu kadiri miezi inavyokwenda. Mjukuu wake wa kike alikuwa na miaka minne sasa, na bibi alikuwa amekwisha kuchoka kusubiri wa pili.

Siku ya kujaribu magauni walijaa chumbani hadi mlangoni. Mkwe alipovaa lake na kusimama mbele ya kioo, muuza viatu akapiga makofi.

"Oneni! Linapwaya! Bi Pindo leo kakosea!"

Hapana neno duniani ambalo Bi Pindo alilivumilia kidogo kuliko hilo.

"Nikosee mimi?" Akaja mbio na chaki mkononi, akaligeuza gauni upande wa ndani pale pale, mbele ya kadamnasi. "Njoo uone, wewe mwenye macho. Hapa, na hapa, na haya marinda. Nimemwachia nafasi. Hili ataimbia hadi siku ya kujifungua!"

Vigelegele vilipasua chumba. Mwenyekiti alimkumbatia mkwe hadi pini zikamchoma. Wengine wakaanza kubishana kama ni wa kiume. Mkwe alisimama katikati ya shangwe kama mtu aliyenaswa na mvua uwanjani, hana pa kujikinga. Alisema asante, asante, kila aliposhikwa mkono. Bi Pindo alimwona kwenye kioo, na ndipo furaha ilipoanza kumtoka.

Walipokwisha kuondoka wote, mkwe alifunga mlango, akavua gauni, akalikunja vizuri.

"Mama, nani alikwambia?"

"Mikono yangu, mwanangu. Nilidhani unangoja tu wakati mzuri wa..."

"Sikuwa nangoja." Akaketi kwenye benchi la wateja. "Unakumbuka nilivyokuwa baada ya kumzaa binti yangu?"

Bi Pindo alikumbuka. Nani angesahau miguu ile iliyovimba kama mito, na mwanamke kijana anayelala amekaa kwa kuwa akijinyoosha anakosa pumzi kama anayezama? Lakini dawa zilimpa nafuu, akarudi kazini, na familia ilikubaliana kimyakimya kwamba jambo lile limepita.

"Moyo wangu ulitanuka, mama. Daktari aliniambia wakati ule nisishike mimba tena. Tulijikinga, na bado imeingia. Nimerudi kwake. Anasema moyo umeanza kulemewa tayari, na miezi ikiendelea huenda ukashindwa kabisa. Kwa hali yangu sheria inamruhusu aitoe. Nimeshapewa siku. Mume wangu anajua. Nilitaka niende, nirudi, nipumzike kidogo, nikae tena kwenye cherehani yangu. Basi. Sasa wewe umenipigia vigelegele."

Bi Pindo akatafuta benchi kwa mkono kabla ya kukaa.

"Madaktari nao hukosea," alisema. "Mungu ni mkubwa kuliko..."

"Najua ni mkubwa."

"Na huyo aliye ndani?"

"Unafikiri simuwazi?" Sauti ya mkwe haikupanda; ilikuwa haina pumzi ya kupandia. "Namuwaza kuliko wewe unavyomuwaza. Na namuwaza binti yangu, ambaye kila asubuhi anakuja kuweka sikio mdomoni pangu asikie kama napumua. Nani alimfundisha hilo? Sijui. Mama, sijaja kukuomba ruhusa. Nakueleza kwa sababu umeshanitangaza."

Chini barabarani mtu alikuwa anabishana na mwenye duka la vioo.

"Ulipokataa wewe," mkwe akauliza baadaye, "dada zako waliposema nenda, walikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Uliwasikiliza?"

"Sikumsikiliza hata mmoja."

Mkwe akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda kuchomoa pasi.

Siku zilizofuata Bi Pindo alikosea kila kitu. Alishona mkono wa kushoto kulia, alikata kola mbili za shingo moja. Kichwani mwake walikaa watoto wawili: mwanawe, aliyekuwa mimba isiyotakiwa na mtu isipokuwa yeye, na huyu asiye na sura. Kila alipojaribu kumpima mmoja kwa mwenzake, vipimo vilikataa. Aliamini alichokiamini. Aliamini tangu ujana wake kwamba uhai ukishaanza si wetu kuuzima, na hakuona aibu kuamini hivyo. Lakini alipokuwa akisema maneno hayo miaka yote, mbele ya macho yake alikuwa akimwona mwanamke mwenye nguvu, mwenye hasira, aliyeachwa bila mfuniko wa sufuria. Hakuwa amewahi kumweka mahali pale mwanamke anayeweza kufa.

Mchana mmoja mkwe alikawia kurudi na jora la kitambaa alilotumwa dukani. Bi Pindo akatoka kuchungulia. Mkwe alikuwa amesimama katikati ya ngazi, amelikumbatia jora kama mtu anayecheza dansi, midomo imepauka, anaivuta pumzi kwa vipande. Alipomwona mama mkwe wake akajaribu kutabasamu, kana kwamba amefumaniwa akifanya kosa.

Bi Pindo alishuka, akalichukua jora begani.

"Siku ya hospitali nitafuatana nanyi," alisema.

"Umekubali?"

"Sijakubali. Nimesema nitafuatana nanyi. Usiseme, pumua kwanza."

Wakakaa pale ngazini mpaka midomo ikarudiwa na rangi.

"Na hao wa kwaya?" akauliza Bi Pindo.

"Hao ni wako, mama. Wewe ndiye uliyewaambia, wewe ndiye utakayewaeleza. Mimi sina pumzi ya kumweleza mtu."

Hakulazimika kuwafuata. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, siku moja kabla ya hospitali, na shali ya mtoto ya sufu, laini kama unga. Alikuwa amepanga maombi ya shukrani.

"Usipange, dada," alisema Bi Pindo. "Hakutakuwa na mtoto."

"Imeharibika?"

Neno lilikuwa limewekwa pale mezani, tayari kwa kuokotwa. Angeitikia kwa kichwa mara moja tu, na mambo yangekwisha, pole zingemiminika. Bi Pindo aliliangalia kwa muda. Mkwe, kwenye cherehani yake, alisimamisha mguu.

"Haikuharibika. Moyo wake hauwezi kuibeba. Kesho anakwenda kuitoa hospitali."

"Mnaitoa? Bi Pindo, wewe? Wewe uliyesema hapa hapa..."

"Niliyosema niliyasema, na wala sijayameza. Lakini anayeitoa ni yeye. Mimi nampeleka, na nitamrudisha. Nenda ukawaambie, siwezi kukufunga mdomo. Ila ukiwaambia, waambie yote, na huo moyo pia."

Mwenyekiti alifungua mdomo, kisha akamtazama mkwe: mabega yake, rangi ya mikono yake. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila kutafuta tumbo. Akaikunja shali mara mbili, mara tatu.

"Mnakwenda saa ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Asubuhi."

"Mimi sijui niseme nini, Bi Pindo. Kwa kweli sijui. Mtoto wenu wa kike... nani atakaa naye?"

"Mmh," akasema Bi Pindo. "Hilo hatujalipanga."

"Basi mleteni kwangu. Lakini msidhani nimeafiki."

"Hapa hakuna aliyekuomba uafiki," akasema mkwe kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya vigelegele, akacheka.

Hospitali walikaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, Bi Pindo na mwanawe. Fundi umeme alikuwa na miguu mirefu isiyojua pa kukaa. Alisimama, akaketi, akaitazama taa ya darini iliyokuwa ikipepesa.

"Waya umelegea," alisema.

"Acha taa za watu."

Mwanawe akasema, bila kumtazama: "Mama, ile habari yako ya mimi na masufuria. Kila ukiisimulia, watu wanapiga makofi. Mimi huwa nasikia baridi tu. Juzi nilijiambia, nikimpoteza huyu, sitaki kuisikia tena maisha yangu yote."

Bi Pindo akamshika mkono. Ulikuwa mkono mkubwa, wenye makovu ya koleo, na alikumbuka ulivyokuwa mdogo.

"Wewe nilikutaka," alisema. "Hayo mengine ni maneno yangu tu."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi aliuliza ndugu wa mgonjwa ni nani, na wote wawili wakasimama kwa pupa hadi kiti kikaanguka.

"Ameamka. Mapigo yake ni mazuri. Daktari ameridhika, ila atabaki kidogo tumwangalie. Ingieni, msimchoshe."

Mkwe alikuwa kitandani karibu na ukuta, uso umechoka, macho yamevimba. Alikuwa amelia, hakujaribu kuficha. Mumewe alipiga magoti, akaweka kichwa chake ubavuni pake. Bi Pindo alibaki amesimama, mkoba ameukumbatia, akimwombea yule asiyekuwepo tena, akimshukuru Mungu kwa huyu aliyekuwepo, na hakuona ajabu kuyasema yote mawili katika pumzi moja.

"Mama," akaita mkwe.

"Abee, mwanangu."

"Nina njaa ya ajabu."

Fundi umeme akainuka. "Nakwenda mimi."

"Wewe utamletea nini? Biskuti!" Bi Pindo alikwisha kufika mlangoni. "Kaa na mkeo."

Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Alinunua mkate wenye siagi, mayai ya kuchemsha, na chai kwenye chupa aliyoazimwa na muuzaji baada ya kumwachia kiatu kimoja rehani, kwa kuwa muuzaji hakumjua. Alirudi akichechemea, mguu mmoja peku kwenye lami ya moto, chai ikimwagikia kidole, na machozi yakimtoka bila mpango. Mlinzi wa getini akamuuliza kulikoni, mama, umefiwa?

"Sijafiwa," akajibu Bi Pindo bila kupunguza mwendo. "Fungua geti, baba, chai inapoa."