Baji wa Léocadie Ana Miezi Mingapi?

Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake kwamba yule ndege ana wiki sita. Léocadie akamwamini. Mshonaji huyu huona uzi uliopinda akiwa upande wa pili wa chumba, lakini tangu azaliwe hakuwahi kumtazama ndege machoni. Akabeba tundu hadi kwake Turffontein akijisifu njia nzima. Ndani alikuwamo kasuku mdogo wa kijani, wale ambao Johannesburg huitwa baji.

Alitaka jambo moja tu: awepo wa kumjibu Kiswahili nyumbani mwake. Yeye ametoka Uvira, na binti yake Arlène, miaka tisa, anaelewa kila neno lakini hujibu kwa Kiingereza. Mwulize kama amekula, Kiingereza. Mgombeze, atanuna kwa Kiingereza vilevile! Basi Léocadie akasikia kwamba baji akifundishwa angali mdogo sana, huongea. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa mwanawe aliamini amekwisha kuchelewa. Kwa ndege hakuwa tayari kuchelewa.

Jumamosi moja ya mwaka 2011 alimwita Balthazar, jirani Mrundi anayelisha ndege kwa mfugaji mmoja Randburg. Umri wake mwenyewe Balthazar hana hakika nao. Karatasi za ukimbizi zinasema alizaliwa Januari mosi, kama nusu ya Warundi wa mtaa ule. Umri wa ndege, hapo humdanganyi.

"Mama Arlène, wiki sita nani kakwambia?"

"Kaka Balthazar, usinitishe."

"Wa wiki sita ana mistari myeusi kutoka kisogoni mpaka hapa juu ya pua. Huyu mistari yake imeishia utosini, paji la uso ni njano tupu. Manyoya ya utoto yameshanyonyoka. Miezi mitatu ameipita."

Léocadie akamlaani yule muuzaji. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia. "Kwa hiyo ni muzee? Hataongea?"

"Ngoja. Mguuni hana pete; angekuwa nayo ningesoma mwaka wake. Tuone macho."

Wakasogeza tundu dirishani, kwenye jua. Baji aliyekomaa ana duara jeupe kuzunguka mboni. Aliye mchanga macho yake ni meusi matupu, kama mbegu za papai. Ila ndege hatulii: akigeuza kichwa, watu wazima wawili wanageuka naye. Léocadie akaona weupe, kisha akasema hapana, ni mwanga tu. Balthazar akavaa miwani, akaivua. Ikabidi aitwe Arlène. Mtoto akainama mpaka pua ikagusa waya, akakaa hivyo kitambo, halafu akasema kwa Kiingereza kwamba macho ni meusi yote mawili, ila pembeni kuna ukijivu mwembamba unaanza.

"Basi miezi minne, mitano," alisema Balthazar. "Bado anafundishika. Lakini usilale, muongeleshe kila siku."

Léocadie alifurahi mpaka akaona haya. Cherehani ikahamishiwa kando ya tundu. "Karibu mama. Umeshindaje?" Asubuhi mara ishirini, mchana mara ishirini, kwa upole ambao wateja wake hawajawahi kuusikia. Ndege alimtazama kwa jicho moja, akaendelea na mtama wake.

Wiki ya tatu Arlène alirudi kutoka shuleni, akaweka begi chini, akasimama kumsikiliza mama yake.

"Mama," akasema, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili, kwa kusitasita, "juu ya nini unafundisha ndege tu?"

Mguu wa Léocadie ukasimama kwenye kanyagio la cherehani. "Si ni weye hutaki kusema?"

"Ulinikataza."

Ndipo alipokumbuka. Mei 2008, wakiishi mtaa wa Alexandra, wageni wakisakwa kwa lafudhi zao, naye amemziba mtoto wa miaka sita mdomo kwa kiganja, akimnong'oneza asiseme tena Kiswahili, popote, hata akiitwa jina. Walihama. Kumwambia mtoto kwamba yamekwisha, alisahau. Miaka mitatu!

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Sema tu."

Arlène akatazama mlango, akashusha sauti. "Na inje pia?"

Léocadie angetaka sana kusema ndiyo.

"Tuanze humu ndani," akasema.